Bandari tunayo, reli tunayo: mbona kupitisha mzigo Mombasa bado ni ghali?

Mwana wa Mvita (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana Mvita, na habari zenu majirani wote.

Kila tukizungumzia Kenya kushindana kiuchumi na wenzake, maneno hukimbilia saruji na chuma. Gati mpya, reli mpya, barabara ya Dongo Kundu. Sivipingi. Mwaka 2024 bandari yetu ilipitisha zaidi ya makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na kwa gati za zamani jambo hilo lisingewezekana. Lakini iko gharama nyingine ambayo winchi hainyanyui, na leo naomba tuikalie hiyo.

Wachumi huiita gharama za miamala. Ni gharama ya kumtafuta mtu wa kufanya naye biashara, kupatana naye, kuandikiana, kuhakikisha ametimiza, na kumfuata akikukimbia. Ronald Coase, Mwingereza, ndiye aliyeifungua mada hii mwaka 1937 kwa swali moja: kama soko linajiendesha vizuri hivyo, kampuni ni za nini? Kwa nini mwenye duka amwajiri karani kwa mwezi badala ya kwenda kila asubuhi kununua kazi ya siku? Jibu lake ni kwamba kwenda sokoni kwenyewe kunagharimu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Miaka miwili baadaye akapewa Douglass North wa Marekani, aliyelipeleka swali hilo kwenye mataifa: nchi hutofautiana utajiri kwa sababu kanuni zao za kufanya biashara, zilizoandikwa na zile za mazoea, hupunguza au huongeza gharama hizo. Kanuni hizo ndizo alizoziita taasisi.

Sasa shukeni nami bandarini Kilindini. Chukueni kontena la futi 40 la vigae kutoka China. Meli imefunga. Ajenti wa meli ana manifesti yake, yaani orodha ya mizigo yote iliyomo. Wakala wa forodha ana hati ya shehena, ana cheti cha ubora kilichotolewa huko huko mzigo ulikotoka, anaingiza entri kwenye mtandao wa forodha, ushuru unalipwa, kontena linapitishwa kwenye skana, na likitiliwa shaka linafunguliwa mbele ya maafisa wa idara zaidi ya moja. Ukiiuliza kila hatua kwa nini ipo, ina sababu ya halali. Hakuna anayetaka nyaya za umeme mbovu wala mchele wenye sumu.

Ubaya unaanza pale saa zinapokuwa mbili. Idara moja ikisema njoo kesho, kwake kesho ni bure. Lakini saa ya mwenye kontena haisimami: siku za msamaha zikiisha, dimareji, yaani faini ya kuchelewa na kontena, inahesabiwa kwa dola, na stoeji, kodi ya kulaza mzigo uwanjani, inapanda juu yake. Anayechelewesha si anayelipa. Anayelipa ni fundi wa Kongowea atakayenunua vigae vile bila kujua kwamba ndani ya bei kuna siku ambazo karatasi ililala mezani.

Kuna nyingine inayoniuma zaidi. Mfanyabiashara wa Kampala akitaka kuondoka na kontena, mara nyingi hutakiwa kuweka amana ya dola mpaka boksi tupu lirudi Mombasa. Na mzigo wa kupita nchini lazima uwe na bondi ya forodha, ili ukiuzwa njiani bila ushuru serikali iwe na wa kumdai. Pesa hizo zimekaa tu. Hazinunui bidhaa wala haziajiri mtu, na kama alikopa benki anazilipia riba. Zinafanya kazi moja: kuziba pengo la watu wasioaminiana, mbele ya sheria ambayo haiwezi kumkamata mhalifu upesi akishavuka mpaka.

Na tumeshaona kwamba kanuni zikibadilika gharama inashuka. Safari ya mzigo kutoka hapa hadi Kampala ilikuwa ikitajwa kuwa siku 18 hivi. Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza eneo moja la forodha: maafisa wa Uganda wakaletwa kukaa hapa hapa Mombasa, ushuru ukawa unalipwa kabla lori halijaondoka. Mwaka huo huo wadau wa bandari wakatia saini mkataba wa ahadi za utendaji. Safari ikashuka hadi karibu siku 4. Reli ya kisasa ilikuwa haijabeba hata gunia moja. Mizigo yake ilianza Januari 2018.

Hoja yangu basi ni hii: ushindani wa nchi hii utaamuliwa na kanuni zinazotabirika kuliko na gati nyingine. Karibuni tujadili.

Treila la Changamwe

Bwana Mvita, umesema kweli, nami nakuongezea ya barabarani.

Januari 2022. Barabara ni ile ile, lori ni lile lile, mzigo ni ule ule. Uganda ikatangaza kila dereva apimwe korona mpakani na alipie dola 30. Madereva tukagoma. Foleni ya mpakani Malaba ikarudi nyuma makumi ya kilomita, watu wanalala chini ya treila, mafuta yakaanza kuadimika Kampala. Kanuni moja tu imebadilishwa, hakuna daraja lililovunjika. Ilipoondolewa, malori yakatembea.

Na usidhani mwenye lori hupiga hesabu ya mafuta na matairi peke yake. Hesabu kubwa ni mizunguko. Lori likienda Kampala na kurudi mara nne kwa mwezi, mkopo unalipika. Likienda mara mbili kwa sababu ya kusubiri, mwenye lori anapandisha nauli ya mzigo ili aishi. Ile nauli mnayosema Mombasa ni ghali, nusu yake ni kusimama.

Tanga Raha

Salaam kutoka Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Jirani zetu, mimi nafikiri mnajisumbua kutafuta dawa wakati dawa iko karibu: sisi. Oktoba 2023 Tanzania ilisaini mkataba wa miaka 30 na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2024 reli yetu ya kisasa ikaanza kupeleka abiria Dodoma. Mganda na Mnyarwanda sasa ana njia mbili. Akichoshwa na karatasi za Kilindini, anateremka kusini. Ushindani wenyewe utawanyoosha.

Mwana wa Mvita

Kaka wa Tanga, karibu sana, na nakubali kwamba bandari isiyo na mshindani hulala. Ila mteja akihama, wa kwanza kuumia ni kuli wa Shimanzi na mama anayemuuzia chai. Aliyechelewesha faili mshahara wake uko pale pale mwisho wa mwezi. Ushindani unamwadhibu asiyehusika, labda kanuni ziwe zimeufunga mshahara wa mkubwa na siku za mzigo kukaa uwanjani. Ndiyo maana sikubali tuachie soko peke yake.

Na uangalie Mganda anahama kwa sababu gani. Mwaka 2023 Kenya ilibadilisha mfumo wa kuagiza mafuta, serikali kwa serikali, na Uganda ikalalamika kwamba bei na upatikanaji kwake umeharibika. Mwishowe ikaamua kampuni yake ya taifa iagize yenyewe, na mwaka 2024 ikaanza kupitishia mafuta yake hapa hapa Mombasa. Aliendelea kuitumia bandari yetu, ila aliondoa mkono wetu katikati. Huyo ni mteja aliyekimbia kanuni zilizobadilishwa bila yeye kuwamo.

Ghala la Chai

Jamani, mnazungumza kana kwamba Mombasa haina hata taasisi moja inayofanya kazi. Niwatoe nje ya geti la bandari kidogo.

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969. Leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Malawi inauzwa hapa, kwa dola, kila wiki. Jiulizeni: mkulima wa Rwanda, nchi isiyo na bahari, kwa nini alete chai yake iuzwe Mombasa na si kumpigia simu mnunuzi wa Karachi moja kwa moja?

Kwa sababu huyo wa Karachi hamjui. Hajawahi kuliona shamba lake wala hataliona. Lakini chai ikifika ghalani hapa, inagawiwa kwa loti, yaani mafungu ya kuuzia, kila loti ina nambari, kiwanda kilichoitoa, daraja la majani na uzito. Sampuli zinapelekwa kwa madalali na wanunuzi. Ukiingia chumba cha kuonjea utakuta vikombe vyeupe vimepangwa safu ndefu, kila kikombe na majani yake yaliyokamuliwa mbele, maji yamepimwa, dakika zimepimwa. Muonjaji anavuta kijiko kwa sauti, anatema, anasogea, karani anaandika. Kwa pumzi ile moja anajua chai imechacha sana au imenyauka vibaya. Siku ya mnada bei inatajwa hadharani, na tarehe ya kulipa inajulikana. Mnunuzi asipolipa, hapewi hati ya kutoa mzigo. Asiyeheshimu kanuni anaondoshwa kwenye chama, na hapo biashara yake ya chai ya Afrika Mashariki imekwisha.

Hivyo Mpakistani na Mmisri, ambao ni wanunuzi wetu wakubwa, hawalazimiki kumchunguza kila mkulima. Kumchunguza wamefanyiwa mara moja, kwa wote. Hiyo ndiyo gharama ya miamala iliyoshushwa, na mji umepata maghala, madalali, wapakizi, bima na mabenki kwa ajili yake. Hatuna shamba la chai hata moja Mombasa!

Na ukiingilia kanuni bila kufikiri unaona matokeo upesi. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na nia hiyo naiheshimu. Lakini chai isiyofika bei hiyo ikakosa mnunuzi, ikarundikana maghalani, ikazeeka. Chai haikai kama mvinyo. Mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa.

Bi Marikiti

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nauza vitenge na madera jumla, na hili la kuaminiana ndilo linalonilaza macho.

Kuna mteja wa mji mwingine, sitamtaja, alichukua mzigo kwa mkopo. Nusu ya kwanza alilipa kwa M-Pesa siku ile ile. Nusu ya pili, simu haishiki tena. Tangu hapo nimejifungia: namkopesha ninayemjua, au aliyeletwa na ninayemjua. Wenzangu sokoni pia ni hivyo. Mabohora, Waislamu wenye asili ya India, wanakopeshana wenyewe, watu wenye asili ya Hadhramaut kule Yemen wanakopeshana wenyewe, nasi Waswahili vivyo hivyo. Ukifika mgeni kutoka Kitui, una akili na bidii, lazima ulete pesa taslimu. Hatumchukii. Hatuna wa kumshitakia akitoweka.

Baba yangu alifanya biashara Bandari ya Kale wakati majahazi yakija na msimu. Nahodha alikuwa akipewa shehena bila karatasi, na msimu ukigeuka pesa zinarudi. Watu humsifia yule nahodha kwa uaminifu, na alikuwa mwaminifu kweli. Lakini pia ukoo wake wote ulikuwa unajulikana kutoka hapa hadi Lamu hadi Mukalla, Yemen. Akidhulumu, nani atamwozesha bintiye? Dhamana ilikuwa pale. Sasa miji imekua, sijui ukoo wa mteja wangu, na kitu cha kushika nafasi ya ukoo sijakiona.

Kijana wa Majengo

Shikamoo mama. Umenigusa, maana mimi nataka kuleta jambo la ardhi, na ni lile lile.

Hapa Mombasa kuna kitu ambacho watu wa bara hushangaa wakikisikia: nyumba bila ardhi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati ni yako, umerithi kwa babu, unaweza kuiuza. Kiwanja ni cha mtu mwingine, unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mazoea hayo yamekaa miaka na miaka na yamewapa watu wengi makao, siyatukani. Lakini nenda benki ukakope kufungua karakana. Watakuuliza hati. Huna. Una nyumba yenye thamani na huwezi kuigeuza mtaji. Huwezi hata kujenga ghorofa bila mwenye ardhi kukubali, basi hakuna anayeweka pesa nyingi kwenye nyumba ambayo kesho anaweza kuambiwa aing'oe.

Na mizizi yake ni taasisi. Mwaka 1908 Mwingereza alitunga sheria ya hatimiliki za ardhi za ukanda wa Pwani: kila mwenye madai ayapeleke kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa inakuwa ya Taji, yaani ya serikali ya Mwingereza. Waliojua karatasi wakapeleka. Mijikenda wengi, waliokuwa wakilima pamoja kwa mila zao, hawakupeleka. Ndiyo tukapata maskwota juu ya mashamba ya wazee wao. Kwa aliyepata hati, gharama za miamala zilishuka kweli. Kwa aliyekosa zilipanda mpaka leo. Kwa hiyo Bwana Mvita ukisema kanuni zinazotabirika, niambie zinatabirika kwa nani.

Mchambuzi wa Nyali

Swali la kijana ndilo kiini, na nyuma yake kuna jambo ambalo mwanzisha uzi amelipita.

Mwaka 1986 North na mwenzake John Wallis walijaribu kupima gharama za miamala katika uchumi wote wa Marekani. Walikuta kwamba mwaka 1870 zilikuwa karibu robo ya pato la taifa, na mwaka 1970 zilikuwa karibu nusu. Marekani ilitajirika huku mabenki, mawakili, wahasibu na wakaguzi wakiongezeka. Basi si kweli kwamba nchi shindani ni ile iliyofuta gharama hizo. Gharama ya kila muamala mmoja ilishuka, watu wakafanya miamala mingi zaidi na wageni wa mbali zaidi, na jumla ikapanda. Mnada wa chai ni hivyo hivyo: madalali wanakula kamisheni, na bila wao chai isingefika Karachi kwa bei ile.

Kinachofaa kuulizwa kuhusu kila ada na kila muhuri ni kama unamwezesha mtu kuamini asichokiona, au unamlipa tu aliyekaa mlangoni. Cheti cha ubora kinachoaminika ni cha kundi la kwanza. Ukaguzi wa pili wa mzigo uliokwisha kukaguliwa ni wa kundi la pili.

Na tahadhari na vipimo. Benki ya Dunia ilikuwa na orodha ya wepesi wa kufanya biashara. Kenya ikapanda hadi nafasi ya 56 katika ripoti ya 2020, tukashangilia. Septemba 2021 Benki ikaifuta orodha hiyo yote baada ya kuonekana kwamba takwimu za nchi kadhaa zilichezewa. Kurekebisha kinachopimwa ni rahisi kuliko kurekebisha kinachomuumiza Bi Marikiti.

Mwana wa Mvita

Mchambuzi, nashukuru, hesabu hiyo ya 1870 na 1970 imeinyoosha hoja.

Kijana wangu wa Majengo, swali lako nalijibu kwa mfano tulioushuhudia sote. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo yote ya Nairobi na bara ipande reli. Ilitoka kama tangazo. Wenye malori waliokuwa na mikopo, vituo vya makontena vilivyokodi ardhi kwa miaka, gereji za Miritini, mahoteli ya Mariakani, wote waliamka wakakuta biashara zao zimeamuliwa na karatasi moja. Watu wakaandamana Mombasa hii. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa ikaiona amri ile kuwa kinyume cha sheria. Septemba 2022 Rais Ruto, siku ya kuapishwa, akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Tazameni miaka ile mitatu. Mwekezaji wa ghala afanye nini? Akijenga Mombasa, huenda kesho mzigo unapelekwa kwa reli hadi bandari kavu ya Naivasha. Akijenga Naivasha, huenda kesho unarudi Mombasa. Anakaa na pesa yake benki. Reli yenyewe haikuwa na kosa, na siku moja itatufaa sana. Iliyotudhuru ni kwamba yeyote aliye juu anaweza kugeuza kanuni bila kuwauliza wanaoishi nazo. Kwa hiyo ninaposema zitabirike, nataka zitabirike kwa dereva, kwa Bi Marikiti na kwa mwenye nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na njia ya kufika huko ni wao kuwamo zinapotungwa na kuwa na mahali pa kuzipinga. Kanuni ya 1908 ilitabirika sana kwa aliyeitunga.

Bi Marikiti

Sawa mwanangu, lakini mahali pa kupinga ndipo nauliza. Yule mteja anataka nimsahau. Deni halifiki laki tatu. Wakili atakula laki moja, kesi itakwenda miaka. Nifanye nini?

Wakili Chipukizi

Shikamoo mama, hapa naweza kusaidia.

Kuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya mwaka 2016, nayo ilianza kazi mwaka 2021. Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1: bidhaa zilizouzwa, huduma, pesa alizopewa mtu. Sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu dai lilipofunguliwa. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi. Chapisha ujumbe wa M-Pesa wa ile nusu ya kwanza, maana unaonyesha alipokea mzigo na akaanza kulipa. Chapisha jumbe zenu za simu zenye idadi ya bidhaa na bei. Mwandikie kwanza barua ya kumdai, umpe siku za kulipa, ubaki na nakala.

Na kwa wanaotaka kukopa bila hati ya ardhi, kaka wa Majengo nawe sikia: tangu 2017 kuna sheria ya dhamana za mali inayohamishika. Mashine za karakana, gari, hata bidhaa za dukani na madeni unayodai watu vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana ya mkopo. Benki nyingi bado zinapenda hati ya shamba, kwa hiyo uliza kwa jina la sheria hiyo, usikubali kujibiwa na mtu wa mapokezi.

Bi Marikiti

Shukrani mwanangu. Hizo jumbe ninazo zote, sijafuta hata moja. Nikishuka mjini nianzie dirisha gani?

Wakili Chipukizi

Mama, nenda kwenye masjala ya mahakama, useme unataka kufungua dai dogo. Watakupa fomu, na ada hulipwa kwa simu. Beba kitambulisho, na jina kamili la mdaiwa na mahali anapofanyia biashara, maana bila hapo hati ya kumwita haitamfikia. Hapo pa kumfikisha ndipo kesi nyingi hukwama, kwa hiyo kama kuna anayejua duka lake lilipo huko mjini kwake, mpigie leo.